Mkeka wa Msusi

Kabla Msusi hajaja, mkeka uliokuwa ukijaa kuliko yote ulikuwa wa Fundi.

Shirika lile la kusomesha watoto wa familia zisizojiweza lilikuwa na chumba kimoja kirefu, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Kila Jumamosi mchana watoto walipanda ngazi za chuma kwa kishindo, wakavua viatu mlangoni, na kila mmoja akaenda kuketi kwenye mkeka aupendao. Hiyo ndiyo sheria ya pale, na Mratibu, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya chini na macho makali, hakukubali ivunjwe. Mtu mzima haiti mtoto. Anatandika mkeka wake, anapanga vitabu, anasubiri. Mtoto ndiye anayechagua atamsomea nani.

Ukiifikiria, ni sheria nzuri. Lakini ni sheria ya kumtesa mwenye wivu. Fundi alikuwa nao wivu tele, ila hakujua, kwa kuwa alikuwa hajanyimwa kitu mkekani.

Alikuwa fundi cherehani. Aliingia shirikani kwa kushona bure sare zilizochanika, kama shukrani, kwa sababu mwanawe mwenyewe alikuwa mmoja wa watoto waliosaidiwa pale. Kisha alipomaliza masomo ya jioni ya watu wazima, alikojifunzia kusoma, na kupata cheti, Mratibu alimtazama akamwambia, "Sindano yako tumeiona. Sasa tandika mkeka." Siku ile Fundi alirudi nyumbani akikanyaga ardhi taratibu, kama aliyevaa viatu vipya.

Na kipaji alikuwa nacho. Akisoma yeye, fisi alicheka kifisi na mlango mkuukuu ulilia kama mlango. Watoto walibanana mkekani kwake mpaka wengine wakakalia sakafu. Akiona mikeka ya wenzake ina watoto wawili watatu, alijifanya hakuona, huku moyo ukimtambaa kwa raha.

Ila mtoto mmoja alimshinda, naye alikuwa wake wa kumzaa.

Nyumbani walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukuwa na komeo. Angekuhadithia habari za paka wa jirani tangu uji wa asubuhi mpaka usingizi umkate katikati ya neno. Lakini umpe kitabu. Mdomo ule ule ulifungwa, mabega yakapanda masikioni, macho yakainuka kwa mama yake, yakashuka kwenye ukurasa, yakainuka tena. Fundi angepiga magoti mbele yake, uso kwa uso, amshike vidole.

"Soma, mama. Hilo la kwanza unalijua."

Kimya.

"Sema tu, roho yangu. Hata ukikosea."

Kimya cha kisima.

"Ataanza tu," alisema Baba Chiriku, aliyekuwa mpaka rangi wa nyumba na hakuwa na haraka na jambo lolote, liwe rangi au mtoto. "Mbona wewe mwenyewe ulianza ukubwani?"

"Ndiyo maana," alijibu Fundi. "Mimi najua ukubwani kulivyo."

Na haikuwa pupa ya bure. Kila mwisho wa mwaka shirika liliteua watoto wachache wa kupelekwa shule nzuri iliyo ng'ambo ya reli, shule yenye madarasa yasiyofurika watoto na maktaba yenye madirisha, gharama zote juu ya wafadhili. Walimu wawili wa shule hiyo walikuja, wakamsikiliza kila mtoto akisoma ukurasa ambao hajapata kuuona. Mtoto aliruhusiwa kuingia na mtu mzima mmoja, yule atakayemchagua mwenyewe. Anayesoma alipata nafasi. Anayenyamaza alibaki shule yake ya zamani, watoto wanne kwenye dawati moja na mwalimu asiyejua majina yao. Mwaka huo Chiriku alikuwa wa umri wa kusikilizwa.

Hapo ndipo alipoingia Msusi.

Alikuwa mwanamke mpana, mwenye kicheko kinachotangulia mwili mlangoni, na kitana amekichomeka kwenye nywele zake mwenyewe kama seremala anavyochomeka penseli sikioni. Hakuja na kadi za picha wala vibao vya herufi. Alitandika mkeka, akaweka kiti kifupi nyuma yake, akaketi.

"Mimi kufundisha sijui," aliwatangazia watoto. "Najua kusuka na kusikiliza. Anayetaka kusukwa aje na kitabu. Wewe ukisoma, vidole vyangu vinakwenda. Ukinyamaza, navyo vinanyamaza. Tusije tukalaumiana ukirudi nyumbani nusu kichwa."

Watoto walicheka. Msichana mmoja akaenda, kisha mwingine. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na foleni. Hata wavulana walionyolewa vipara walijipanga, wakidai nao wapakwe mafuta, na Msusi aliwasugua vichwa vile vinavyong'aa huku wakimsomea, akiwaambia kwamba vichwa vyao ni rahisi kama kupiga pasi leso.

Mkeka wa Fundi ukaanza kuonyesha maua yake. Alikuwa hajapata kuyaona yale maua yaliyosukwa katikati, kwa jinsi yalivyokuwa yakikaliwa. Akayaona sasa, mekundu na ya kijani, akayachukia.

"Wanafuata nywele," alimnong'oneza mwenzake wa mkeka wa jirani. "Si kusoma kule."

"Mbona mimi nasikia wanasoma?" alisema mwenzake.

Kisha siku moja Chiriku akavua viatu mlangoni, akasimama kidogo, akapita mkeka wa mama yake kama anayepita duka lililofungwa, akaenda kuketi miguuni pa Msusi.

Fundi aliendelea kumsikiliza mtoto aliyekuwa mbele yake, lakini sikio lake moja lilikuwa limehama. Mwanzo alisikia kitana tu. Halafu akasikia sauti. Haikuwa ile ya porojo za paka. Ilikuwa nzito kidogo, ya polepole, inayopapasa neno kwanza kabla ya kulikanyaga. "Ha... pa... Hapa zamani palikuwa na mto."

Mwanawe alikuwa anasoma.

Mama mwingine angeruka. Fundi mwenyewe alijua kwamba ilimpasa aruke. Lakini kilichompanda kifuani kilikuwa kijiba cha roho, kigumu kama kokwa. Sauti ile aliingoja yeye. Aliipigia magoti, aliibembeleza, aliiombea. Nayo imekwenda kuzaliwa miguuni pa mwanamke mwingine, anayeisikiliza huku akitafuna ubani.

Jioni Baba Chiriku alimkuta kwenye cherehani akikanyaga kama anayefukuzwa.

"Nasikia mtoto kasoma leo."

"Kasoma."

"Basi mbona umenuna?"

"Sijanuna."

"Aa. Kumbe huo mdomo umeumwa na nyuki." Akavuta kigoda, akaketi karibu. "Mke wangu, mtoto akijifunza kutembea kwa kushika ukuta, unauonea wivu ukuta?"

"Ukuta hausuki," alisema Fundi, akakata uzi kwa meno.

Siku nyingine akajaribu. Alimwita Chiriku, akampa kitabu kile kile cha mto, akapiga magoti mbele yake kama kawaida. "Nisomee na mimi." Chiriku alimwangalia, akaangalia kitabu, mabega yakapanda. Fundi alingoja mpaka magoti yakamuuma. Kisha akakifunga kitabu taratibu mno, taratibu ya mtu anayejizuia kukitupa.

Jumamosi iliyofuata alimwona mtoto mmoja akijikuna kichwa. Kujikuna si kosa, hata waheshimiwa hujikuna. Lakini Fundi alikwenda ofisini kwa Mratibu, akafunga mlango nyuma yake.

"Mimi sisemi kitu," alianza, na maneno yanayoanza hivyo hayajawahi kumwacha mtu salama. "Ila kitana kimoja kinaingia vichwa vyote vile. Watoto wanajikuna. Kesho wazazi watasema hapa ndipo wanapogawiwa chawa."

"Umewaona chawa?"

"Watoto watatu wanajikuna," alisema Fundi. Yule mmoja akawa watatu, na chawa ambao hawakuwapo wakapata miguu, wakatembea juu ya meza ya Mratibu.

Mratibu akatoka, akazungumza na Msusi kwa adabu, pembeni. Mambo ya vitana yasimame kwanza mpaka wachunguze. Msusi alimsikiliza hadi mwisho. Akatazama chumba, mkeka baada ya mkeka, na alipofika kwa Fundi macho yake yalitua kidogo, bila hasira, kama ya mtu anayesoma bei. Akakusanya vitana vyake kwenye mfuko wa kitambaa.

"Bila kitana mikono yangu haijui pa kukaa," alisema. "Nitakuwa mgeni tu hapa."

Hakurudi tena.

Mkeka wa Fundi ukajaa, maua yakafunikwa. Raha yake ilidumu kwa muda wa kunywa chai. Chiriku naye alirudi mkekani kwa mama yake, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, akaketi na kitabu cha mto mapajani, akanyamaza. Kimya hiki hakikuwa kile cha zamani. Cha zamani kilikuwa cha mtoto asiyeweza. Hiki kilikuwa cha mtoto aliyenyang'anywa.

Siku za kusikilizwa zikakaribia. Mratibu alipita mkeka kwa mkeka akiuliza kila mtoto ataingia na nani. Fundi alijinyoosha mgongo.

"Na wewe, Chiriku?"

"Msusi," alisema Chiriku.

"Msusi hayupo, mwanangu. Si unaona mama yako huyu hapa?"

"Basi mimi siingii."

Usiku wa siku hiyo Fundi hakumgombeza. Alimwogesha, akamfunika, akaketi ukingoni mwa kitanda, na alipouliza sauti ilimtoka ndogo, kama yeye ndiye mtoto.

"Kwa nini kwangu husomi?"

Chiriku alifikiri. "Mdomo wako unafika kwanza."

"Mdomo wangu?"

"Nikitaka kusema neno, natazama, mdomo wako umeshalisema. Hautoi sauti, lakini umeshalisema. Basi naona limeisha." Akapiga miayo. "Msusi yuko nyuma. Simwoni mdomo."

Mtoto alilala. Fundi akatembea mpaka kwenye kioo kidogo cha kabati, akafungua kitabu cha mto, akajaribu kusoma kimya kimya. Midomo ikatembea. Akaibana, akasoma tena. Ikatembea. Ndivyo alivyojifunza yeye, madarasani kule jioni, na watu wazima wenzake wakinong'ona kama nyuki kwenye mzinga, kila mmoja akilionja neno kabla ya kulitoa. Hakuwa amejua kwamba hajaacha.

Ungedhani wivu ungekwisha hapo. Haukwisha. Ulipata tu mwenzi, aibu, vikakaa viwili kifuani vikisukumana.

Kesho yake alikwenda kwa Mratibu.

"Chawa sikuwaona," alisema, akiwa bado amesimama.

"Najua. Vichwa nilivikagua siku ile ile."

"Mbona kitana hukukirudisha?"

"Nilimfuata Msusi mpaka saluni kwake nikamsihi. Akaniambia, aliyenitoa ndiye atakayenirudisha." Mratibu alivua miwani, akaifuta.

Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kikubwa na feni iliyokuwa ikizunguka kwa kujilazimisha. Msusi alikuwa amesimama nyuma ya mteja aliyesukwa hadi katikati.

"Karibu. Unasuka au unasema?"

"Nasema."

"Anayesema hapa hufanya kazi. Shika hizi." Akamtwisha fungu la nywele za kuungia. "Unanipa moja moja, nyembamba. Haya, sema."

Fundi alimtupia jicho mteja.

"Endeleeni tu," alisema mteja. "Mimi nikisukwa sisikii."

"Chawa hawakuwapo," alisema Fundi.

"Chawa nawajua kwa sura, mwenzangu. Wangekuwapo ningewasalimia."

Mteja alikohoa kicheko. Fundi alitoa unywele, akaupeleka. "Niliona wivu."

"Wa nini? Wa kiti changu kile kibovu?"

"Wa mwanangu. Alikusomea wewe."

Vidole vya Msusi vilisimama. Mteja naye akaacha kupumua ili asipitwe. Kisha Msusi akacheka, si kile kicheko chake cha mlangoni, kingine kifupi.

"Mimi nina wavulana wawili," alisema, akaendelea kusuka. "Wakisikia nyayo zangu wanafunga madaftari kama wezi waliofumaniwa. Mwalimu wao ananiambia wanasoma kama maji yanavyoteremka. Nami nikikutana naye natabasamu mpaka mashavu yanauma, lakini moyoni namwona kama mke mwenza. Unadhani nilikuja kujitolea kwa nini? Nilitaka na mimi nisomewe."

Fundi akampa unywele mwingine.

"Mnene huo. Punguza." Msusi aliungoja uliopunguzwa. "Nitakuja siku hiyo. Ila siji kwa ajili yako."

"Najua."

"Na wewe usiingie ndani."

"Mimi? Mama yake?"

"Wewe hasa. Kaa nje, funga mlango."

Kile kitu kigumu kiligeuka kifuani mwa Fundi, kikamkwaruza. Yeye kamfuata, kamwangukia, na bado mwanamke huyu anamfukuza kwa mwanawe. Jibu lilimjia kali mpaka ncha ya ulimi. Akalirudisha.

"Nitakaa nje," alisema.

"Lo, huyu ni mama kweli," alisema mteja asiyesikia.

Siku yenyewe walimu wawili walikaa nyuma ya meza katika chumba kidogo cha pembeni, Mratibu akiwa kando yao. Chiriku aliingia, na nyuma yake Msusi na kiti chake kifupi. Mlango ukafungwa. Fundi alibaki ukumbini, kwenye benchi la wazazi, karibu na tundu la ufunguo kuliko inavyoruhusiwa na heshima. Baba Chiriku alikuwa kando yake, na rangi nyeupe kwenye kope.

Mwanzo, kitana tu. Kisha: "Mvua ilinyesha... siku nyingi. Maji yakajaa."

Baba Chiriku akamfinya mkono. Ndani, sauti ilitembea, ikajikwaa, ikainuka. Fundi alikuwa hajauona ukurasa ule, kwa hiyo midomo yake haikuwa na la kutangulia. Ilikaa wazi tu, ikipokea. Alitambua kwamba hakuwa amewahi kumsikiliza mwanawe bila kujua kinachofuata.

"Usiku ule daraja li... lili..."

Kimya. Kitana nacho kimya. Fundi alilijua neno. Hakuhitaji ukurasa, lilikuwa limeshafika mdomoni kwake, zima, tayari kupita kwenye tundu la ufunguo. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kimya kikarefuka. Humo ndani, alijua, Msusi alikuwa akingoja na unywele mkononi, naye Fundi alimchukia kwa jinsi anavyojua kungoja, akamshukuru kwa hilo hilo.

"Lilipobomoka," alisema Chiriku. "Usiku ule daraja lilipobomoka, watu wa ng'ambo hawakuwa na njia ya kurudi kwao."

Kitana kikaendelea.

"Vizuri sana," ilisikika sauti ya mwalimu baada ya muda. "Inatosha, binti."

"Haijatosha," alisema Chiriku. "Bado sijajua walirudi vipi."

Walimu walicheka. Mratibu alipotoka aliwakuta mume na mke wamesimama, wamezibana njia. Hakuwazungusha. "Wamemchukua," alisema. "Wanauliza kama huzungumza sana hivi siku zote."

"Waambie wajiandae," alisema Baba Chiriku, akageukia ukuta akajifuta kope, akidai ni rangi.

Msusi alitoka na kiti chake kwapani. Chiriku alikuwa na upande mmoja wa kichwa uliosukwa, mistari myembamba kama iliyochorwa, na upande wa pili umesimama kama kichaka. Fundi alitaka kusema mengi. Alitoa mkono, Msusi akaupokea.

"Nina bi harusi ananingoja saluni," alisema Msusi. "Huo upande uliobaki utamalizia wewe."

"Mimi ni mtu wa cherehani."

"Basi mshone."

Nyumbani walikaa mlangoni kwenye mwanga, mtoto chini, mama nyuma. Fundi aligawa nywele, mstari ukapinda. Akafumua, akaanza upya.

"Mama, unavuta."

"Kwani Msusi havuti?" Swali lilimtoka kabla hajalishika.

"Havuti. Yeye anaanza hapa nyuma ya sikio, analainisha kwanza."

Kile kijiba kilimchoma. Kidogo, ila kilimchoma, na Fundi akaelewa kwamba kitakuwa kikimchoma mara kwa mara, kila mtoto atakaporudi kutoka ng'ambo ya reli na jina jipya la mwalimu mdomoni.

"Nionyeshe anavyofanya," alisema.

Chiriku alinyoosha mkono nyuma, akakishika kidole cha mama yake, akakiweka mahali pake. Fundi alilainisha. Mstari huu ulikwenda vizuri kidogo.

"Walirudi vipi wale watu?" aliuliza.

"Si nakwambia walinikatisha. Lazima tukitafute kile kitabu."

"Tukikipata?"

"Nitakusomea." Chiriku alifikiri, akatikisa kichwa, mstari ukaponyoka. "Lakini wewe ukae huko huko nyuma."

"Nitakaa," alisema Fundi.